Njumu Si Viatu vya Mpira Pekee

Wiki jana niliweka swali kwenye stori zangu: njumu ni nini? Mlijibu wengi, na karibu nyote mlisema kitu kimoja, viatu vya mpira. Kuna mmoja hata alinitumia picha ya zake, soli imefunguka kama mdomo wa mamba, akauliza kama nanunua. Sinunui, mkubwa. Peleka kwa fundi.

Sasa sikieni. Hiyo maana mnayoijua ni mtoto tu, ana mzazi wake. Kwa Kiswahili cha zamani cha Pwani, njumu ni pambo linalochomekwa ndani ya kitu kingine. Vipande vya fedha, vya shaba, vya mfupa au vya pembe, vinalazwa ndani ya mbao. Ikiwa kazi imefanywa vizuri, ukipitisha kidole hausikii mahali mbao imeishia na pambo limeanzia. Kama umewahi kuingia makumbusho ya Lamu au Fort Jesus, umekiona kiti cha enzi: mbao nyeusi, mgongo mrefu, na vipande vyeupe vimepangwa juu yake kama nyota. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Na pembe za ndovu zilizofika Pwani karne ya 19, nyingi zilipita hapa kwetu mabegani mwa wapagazi, njia ya Taveta na Taita kuelekea Mombasa. Sisi tulikuwa barabara. Shikilia hilo neno, barabara, nitalirudia.

Leo lakini sitaki kuongea pembe. Nataka njumu ya mawe. Ilianza na video moja usiku, niko kitandani, simu iko asilimia nne. Ilikuwa ya kabati la zamani la Ufaransa. Mlango wake una ndege, matunda na maua, rangi zote mpaka kivuli cha jani. Nikadhani ni picha ya rangi. Kumbe ni mawe. Kila unyoya ni jiwe, kila punje ya zabibu ni jiwe. Nikatafuta chaja, nikakesha.

Kazi hii haikuanzia Ufaransa. Wafaransa waliichukua Italia. Mwaka 1588 mtawala wa Florence, Ferdinando I wa ukoo wa Medici, alianzisha karakana rasmi ya kukata mawe magumu na kuyageuza picha. Karakana hiyo iko hadi leo, inaitwa Opificio delle Pietre Dure, ingawa siku hizi inajulikana zaidi kwa kurekebisha kazi za sanaa zilizoharibika.

Namna walivyofanya ndiyo iliyonimaliza. Fundi anachukua jiwe analipasua kuwa bamba jembamba, milimita chache tu. Anachora umbo analotaka kwenye karatasi, tuseme jani, anaibandika juu ya bamba. Halafu anakata kwa upinde. Ndiyo, upinde, tawi lililopindwa, ila badala ya kamba kuna waya wa chuma. Ukiuona utadhani ni mali ya Waata, wale wawindaji wa Tsavo waliokuwa wakiangusha ndovu kwa mishale. Na waya wenyewe haukati chochote. Kinachokata ni unga wa jiwe gumu uliochanganywa na maji. Fundi anaumimina polepole, waya unausugua kwenda na kurudi, mchana kutwa, kwa ajili ya jani moja. Akimaliza anasawazisha kingo kwa tupa mpaka jani liingie pembeni mwa tawi bila nafasi hata ya unywele. Ukitaka kujua kazi imeenda vipi, geuza upande wa nyuma.

Rangi haitumiki kabisa. Ukitaka kifua cha ndege kiwe chekundu kinachofifia kuwa cheupe, unatafuta jiwe lililozaliwa hivyo, unaligeuzageuza mpaka upate ile sehemu ya sentimita mbili ambapo Mungu alishakuchorea kifua cha ndege. Yaani fundi anatumia nusu ya muda wake kutazama tu. Majina ya mawe hayo, kama ulilelewa kanisani, uliyasikia mara ya kwanza kwenye Ufunuo sura ya 21, ule mji wenye misingi ya vito: yaspi, akiki na jamaa zao. Kuna pia lapisi lazuli, lile la buluu nzito, ambalo tangu zamani lilichimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan. Na kwa sababu ni mawe, hayapauki. Kitambaa cha miaka 300 kimekuwa rangi ya chai. Jani la jiwe liko vilevile.

Sasa ndio twende Ufaransa. Mfalme ni Louis XIV, yule wa Versailles. Waziri wake wa fedha anaitwa Colbert, na Colbert ana kero moja ambayo ungedhani ni ya mtu wa Kenya mwaka huu: matajiri wa nchi yake wananunua vitu vizuri kutoka nje, pesa zinatoka, hazirudi. Angeweza kupandisha ushuru akaishia hapo. (Ushuru aliupandisha pia, usijali.) Lakini mwaka 1662 alinunua kwa niaba ya mfalme eneo moja Paris linaloitwa Gobelins, akaanza kukusanya mafundi mahali pamoja: wafumaji, wachongaji, wafua fedha, mafundi makabati. Mwaka 1667 ikatoka amri ya mfalme kulifanya rasmi, kiwanda cha samani za taji, chini ya mchoraji Charles Le Brun. Na ikapangwa kwamba vijana 60 wafundishwe kazi hapo kwa gharama ya mfalme.

Mwaka uliofuata hivi wakaletwa wakataji mawe kutoka Florence. Majina yao tunayo: Ferdinando na Orazio Megliorini, Filippo Branchi, Gian Ambrogio Giachetti. Fundi mkuu wa makabati alikuwa Mwitalia pia, Domenico Cucci, mzaliwa wa Todi. Soma vizuri hapo. Ufaransa haikwenda Florence kununua meza, wala haikwenda Afghanistan kufungua mgodi. Mawe iliagiza, kidogo kidogo, kutoka kila kona. Kitu ilichokwenda kukichukua chenyewe ni mikono.

Cucci alitengeneza makabati mawili kati ya 1679 na 1683 kwa ajili ya Versailles. Ni makubwa kuliko mlango wa nyumba yenu, mbao nyeusi, shaba iliyopakwa dhahabu, na paneli za mawe zenye ndege na wanyama. Ukiniuliza yalikuwa ya kuweka nini, jibu ni hakuna. Yalikuwa ya kusimama hapo, balozi akiingia anyamaze kidogo. Ilikuwa ni flexi, tuseme ukweli.

Miaka sita baadaye flexi ikaisha. Mwaka 1689 Louis yuko vitani na karibu Ulaya nzima, hazina imekauka, akaagiza samani za fedha za Versailles ziyeyushwe zigeuzwe sarafu. Meza, vinara, vyungu vya miti, vyote tanurini. Fedha ina tatizo hilo, thamani yake iko ndani yake, kwa hiyo ukikwama unaiyeyusha na kazi ya fundi inaondoka na moshi. Bamba la mawe huwezi kuliyeyusha. Ukilivunja unabaki na kokoto. Thamani yote iko kwa ile kazi, na ndiyo iliyaokoa. Gobelins yenyewe ilifungwa 1694 kwa sababu ya ukata, ikafunguliwa tena 1699, lakini enzi ya makabati ya mawe ilikuwa imepita.

Halafu fasheni ikabadilika, vile fasheni hufanya. Mjukuu wa mtoto wa Louis, yaani Louis XV, aliona makabati ya babu ni mizigo. Mwaka 1751 yakauzwa. Yale mawili ya Cucci yaliponea, leo yako Alnwick, kasri moja kaskazini mwa Uingereza. Mengine mengi yalichinjwa. Simaanishi vingine, yalichinjwa kama gari kuukuu linavyochinjwa Grogan pale Nairobi ili litoke spea. (Ndiyo, Grogan yule yule mwenye kasri Taveta. Huyo naye nitamfanyia posti yake.) Wafanyabiashara wa Paris walibandua paneli za mawe, wakaziweka stoo, na miaka kama 30 baadaye, fasheni ilipogeuka tena, wakazitoa na kuwapa mafundi kama Martin Carlin na Adam Weisweiler wazichomeke kwenye makabati mapya. Moja la Carlin lilimilikiwa na mwimbaji wa opera wa Paris, Mademoiselle Laguerre, kisha likaishia kwa George IV, mfalme wa Uingereza. Kwa hiyo ndege aliyekatwa na Mwitalia Gobelins alihama kutoka kwa mfalme, akaenda kwa msanii, akaenda kwa mfalme mwingine, bila kupoteza unyoya.

Na ukidhani ni wafalme tu, kuna mji mdogo Ujerumani unaitwa Idar-Oberstein. Walikuwa na akiki yao mlimani, wakajifunza kuikata kwa mawe ya kusaga yanayozungushwa na maji ya mto. Karne ya 19 akiki ikapungua. Mji mwingine ungekufa. Wao wakaanza kuleta akiki kutoka Brazil kwa meli, wakaendelea kukata. Hadi leo ni mji wa vito.

Sasa turudi nyumbani, mtaniambia kama hamjaona ninakoelekea.

Mwaka 1967 mwanajiolojia Mskoti, Campbell Bridges, aliona jiwe la kijani kaskazini mwa Tanzania. Alipokosa nafasi ya kulichimba kule, alifuata mwamba uleule kuvuka mpaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akalipata tena, hapa kwetu Taita. Ni aina ya ganeti, lakini kijani chake kinaweza kumwaibisha zumaridi. Mwaka 1974 Tiffany, lile duka la vito la New York, lililitangaza kwa dunia kwa jina tsavoraiti. Jina limetoka Tsavo, ubatizo ulifanyika Marekani. Mwaka 1973, huku Mangare ndani ya Tsavo Magharibi, Mmarekani John Saul na mwenzake walipata yakuti, ile nyekundu. Mwaka uliofuata Saul akafukuzwa nchini. Bridges alibaki, akachimba karibu miaka 40, na Agosti 2009 akavamiwa na kuuawa karibu na hapa Voi, kwenye ugomvi wa nani mwenye haki ya kuchimba. Wengi wenu mlikuwa watoto. Wazazi wenu wanakumbuka.

Ukiangalia historia hiyo yote, damu na kesi na kufukuzana, utaona kila mtu anagombania shimo. Na sheria yetu nayo inaangalia shimo. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya hapo. Sawa, tugombanie hiyo 10 ifike kweli. Lakini mrabaha unahesabiwa kwa jiwe linavyotoka ardhini, na jiwe linavyotoka ardhini ni sehemu ndogo sana ya hadithi. Linasafiri likiwa ghafi kwenda Jaipur au Bangkok, linakatwa huko, linang'arishwa huko, na huko ndiko mtoto wa mtu amelipwa mshahara kwa kulikata. Sisi tena ni barabara. Pembe zilipita, mawe yanapita, lori za Mombasa zinapita, hata SGR inapita inatupungia mkono.

Najua mtasema kituo. Ndiyo, Voi tulijengewa kituo cha kuongeza thamani ya vito, na kila mtu hapa anajua kilikaa miaka mingapi kikiwa zaidi ni jengo kuliko kazi. Hata kikifanya kazi vizuri, nina swali langu. Kila mtu anapozungumza kuongeza thamani, anamaanisha pete. Jiwe safi, lenye mwanga, likatwe liingie kwenye dhahabu. Kwa pete tunashindana na Jaipur yenye vizazi na vizazi vya wakataji.

Lakini ngoja nikwambie kuhusu mjomba wangu.

Mjomba amechimba upande wa Kasigau tangu nikiwa shule ya msingi. Hajawahi kutajirika, ana bati na ana ng'ombe wawili. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, ni yeye aliniambia njoo huku, na nikaenda, nikakaa wiki tatu, mgongo ukanishinda, nikarudi kwa simu yangu. Nilichokiona huko ni hiki. Wanachimba, wanapasua, wanachambua. Kipande chenye mwanga kinaingia kwenye kichupa cha dawa. Broka akija anakipiga tochi, anakunja uso, anataja bei ya kukuudhi, na unauza kwa sababu unga umeisha. Kila kitu kingine kinatupwa: kijani kizito kisichopitisha mwanga, yakuti ya rangi ya nyama isiyo na mng'aro, mawe meupe yenye michirizi ya kijivu, mawe ya rangi ya zambarau yaliyopasuka. Rundo lao ni refu kuliko nyumba ya mjomba. Watoto wanateleza juu yake.

Unaona sasa? Fundi wa Gobelins hakutaka jiwe lenye mwanga. Jiwe la kuona ndani halifai njumu, ukililaza juu ya mbao linaonyesha gundi iliyo chini. Alitaka jiwe zito, lililojaa rangi, lenye doa, lenye mchirizi, lenye kasoro inayofanana na kifua cha ndege. Yaani alitaka rundo la mjomba. Ukimfufua Branchi ukamshusha Kasigau asubuhi, angepita vile vichupa bila kuvitazama, akapiga magoti pale watoto wanateleza.

Najua mtakachosema kwenye komenti. Louis alikuwa na hazina ya nchi nzima, na bado karakana ilifungwa. Ni kweli. Hakuna mtu Voi atakaa miaka minne akitengeneza kabati. Lakini Agra, India, pale palipo Taj Mahal, kazi ya namna hii ilifanywa kwenye kuta za kaburi karne ya 17, na hadi leo kuna mafundi wanaochomeka mawe kwenye visahani na vijisanduku vidogo vya marumaru na kuuzia watalii. Vijisanduku, mazee. Vya kuingia kwenye mkoba. Na sisi lango la Tsavo Mashariki liko hapa, unaenda na bodaboda. Mtalii anatoka kuona ndovu wekundu, anasimama kununua kitu, anauziwa twiga wa mbao aliyechongwa kaunti nyingine. Mafundi mbao tunao. Mawe tunayo mpaka yanatuzuia njia. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinafundisha uhandisi wa migodi, yaani namna ya kutoa jiwe. Sisemi wasifundishe hivyo. Nauliza wale vijana 60 wa kufundishwa kulikata wako wapi, na gharama ni ya nani.

Sikutaka kuwa mtu wa kuongea tu, kwa hiyo mwezi uliopita nilichukua mawe mawili kwenye rundo la mjomba, moja la kijani na moja jekundu la nyama. Alinicheka. Nikayapeleka kwa fundi mmoja hapa mjini anayekata graniti za kaunta za jikoni na za makaburi, ana blade ya almasi. Lile jekundu lilimpigia kelele mashine mpaka jirani akatoka nje, yakuti si mchezo. Lakini yalikatika. Na ndani, wajameni, lile la kijani lilikuwa na wingu jeusi limepita katikati, kama mvua inakuja upande wa Sagalla.

Nilichimba shimo kwenye kipande cha mti kwa patasi ya kuazima, nikalaza jiwe na gundi, nikasugua na msasa siku mbili. Picha nitaweka, msinicheke. Limekaa upande. Ukipitisha kidole bado kinakwaruza kona ya juu, na gundi imeonekana kidogo kushoto. Fundi ameangalia akasema shimo nimelifanya kubwa, nikate jiwe kwanza ndipo nifuatishe mbao, si kinyume. Jumamosi narudi kwake na lile jekundu.